Kwa nini tunaikosoa bahari ya Musa, na papo hapo tunalia kwa wimbo ambao haumo kitabuni?

#1 Kalamu Kavu

Habari zenu wana jukwaa.

Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni kutazama filamu ya safari ya Waisraeli kutoka Misri. Tulikuwa saba, na bibi yangu, ambaye ameimaliza Biblia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, alikaa kiti cha mbele kabisa. Musa aliinua fimbo, bahari ikapasuka kwa muda usiozidi pumzi tatu, watoto wakapiga makofi. Katikati ya makofi hayo Bibi akauliza, "Usiku kucha umekwenda wapi?" Hatukumwelewa mpaka nilipofungua Kutoka 14:21, ambapo imeandikwa kwamba upepo wa mashariki uliirudisha bahari nyuma usiku kucha. Kumbe waandaaji walikuwa wameumeza usiku mzima, naye hakuwa tayari kuwasamehe.

Kinachonisumbua ni kilichotangulia, mwanzoni kabisa mwa filamu. Mama yake Musa alipokiweka kisafina mtoni, akaanza kuimba wimbo mrefu wa kumuaga mwanawe. Bibi akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wimbo ule haumo kitabuni; mama huyo hapewi hata neno moja la kusema mtoni. Iweje mtu yuleyule apandwe na hasira kwa usiku uliopunguzwa, halafu alie kwa wimbo ulioongezwa? Ningependa kusikia yaliyowakuta wengine.

#2 Mzee wa Hoja

Ahsante kwa mada, kijana wangu. Mimi nadhani bibi yako ni mtu wa pekee, kwa sababu wengi wetu hatulindi maandiko hata kidogo. Tunalinda picha tulizochorewa utotoni. Waulize watazamaji kumi mamajusi walikuwa wangapi, nao watakujibu watatu, ilhali Mathayo anataja zawadi tatu na hataji idadi ya waliozileta. Waulize ni nani aliyemnyoa Samsoni, watakwambia ni Delila, lakini Waamuzi 16:19 inasema alimwita mtu akamnyoa vile vishungi saba. Mwongozaji akifuata kitabu neno kwa neno akatuonesha mamajusi watano na kinyozi mwanamume, tutasema amepotosha. Kwa hiyo hasira ya mtazamaji haipimi kosa la filamu. Inapima umbali uliopo kati ya kioo na ile picha aliyokuwa nayo kichwani.

#3 Bint Barua

Shikamoo Mzee wa Hoja, na salamu kwa wengine.

Ndugu Kalamu Kavu, umesema mama yake Musa hapewi neno. Hilo ni kweli ukibaki katika kitabu cha Kutoka. Katika Kurani, Surat al-Qasas, anafunuliwa amnyonyeshe mwanawe na amtie mtoni bila ya khofu wala huzuni. Moyo wake unakuwa mtupu hata anakaribia kuitoa siri. Kisha anamwambia dada yake Musa amfuatie. Kwa msomaji aliyekulia humo, mama anayelia kando ya mto si nyongeza ya mtunzi wa filamu.

Nina kisa changu. Bwenini tulikuwa mabinti wa dini zote mbili, na siku moja tulioneshwa ile katuni ya mwaka 1998 ya The Prince of Egypt. Humo anayemtoa mtoto majini ni mke wa Firauni. Wenzetu Wakristo wakapaza sauti kwamba ni kosa, kwa maana Kutoka inamtaja binti Farao. Sisi tukapaza sauti kwamba ni sahihi, kwa maana Kurani inamtaja mke. Mabishano yalidumu mpaka taa zikazimwa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba huenda waandaaji hawakuwa wakichagua kati ya vitabu viwili. Walitaka Musa na Ramses walelewe kama ndugu wa nyumba moja, na mke wa Firauni aliwafaa zaidi kwa hadithi hiyo. Nasi tulishangilia ushindi ambao hakuna aliyetupa.

#4 Shoka Bila Mpini

Mnazunguka mbuyu, waungwana. Hizi ni biashara. Filamu ya The Ten Commandments ya mwaka 1956 inapita saa tatu na nusu bila huo usiku kucha wa Bibi. Ingeongezewa upepo wa saa nane, watazamaji wangelala kabla ya jeshi la Farao kufika ufukweni. Isitoshe, bahari ile ilipatikana kwa kumwaga maji mengi ndani ya tangi kubwa kisha picha ikarudishwa kinyumenyume. Mlichokishangilia ni maji yakirudi yalikotoka. Wimbo wa mama nao umewekwa pale kwa sababu chozi la dakika ya kumi humzuia mtazamaji asiondoke dakika ya ishirini.

#5 Mwana Mfasiri

Naomba kutofautiana na ndugu Shoka, kwa kuwa nimefanya kazi upande wa pili wa kioo. Kwa muda fulani nilikuwa miongoni mwa watu wanaotia sauti za Kiswahili katika tamthilia ya maisha ya Yesu. Chumba kilikuwa kidogo, blanketi mbili zimetundikwa ukutani ili zimeze mwangwi, na mbele yangu palikuwa na kioo kinachorudiarudia sentensi moja hadi midomo ya mwigizaji na maneno yangu yapatane. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo mara nyingi mwigizaji alikwisha funga mdomo nami nikawa bado nina silabi tatu mkononi.

Ili kuokoa nafasi na kueleweka kwa vijana, tuliandika "Kweli nawaambieni" mahali ambapo wazee wamezoea "Amin, amin, nawaambia". Tulipowaonesha watazamaji wa majaribio, hakuna aliyelalamikia mavazi, ndevu wala matukio yaliyobuniwa, nayo yalikuwa mengi. Walilalamikia neno hilo. Mzee mmoja alisimama akasema kwa upole kabisa, "Huyu anasema vizuri, lakini siye." Tukarudi chumbani, tukarekodi upya. Ndiyo maana naamini kwamba mtazamaji husikia kabla hajaona, na kwamba uhalali wa hadithi takatifu kwake umo katika mlio wa maneno aliyoyasikia akiwa amepiga magoti. Kitu kisichokuwa na mlio wa awali, kama wimbo wa mama Musa, hakigombani na chochote sikioni mwake, kwa hiyo hupita moja kwa moja.

#6 Jicho la Nyuma

Bandiko la Mwana Mfasiri limenigusa, ila halielezi yaliyotokea India. Tamthilia ya Ramayan, hadithi takatifu ya Wahindu kuhusu Rama, ilipooneshwa na televisheni ya taifa kuanzia Januari 1987, kila Jumapili asubuhi, barabara zilikuwa tupu, na wapo waliooga kwanza, wakaivika televisheni shada la maua na kuifukizia ubani kabla kipindi hakijaanza. Watu hao waliijua hadithi neno kwa neno, walikuwa na mlio wake masikioni tangu utotoni, na bado hawakuikagua kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Waliitazama kama ibada. Mahali ambapo kuitazama sura ya mungu ni sehemu ya ibada yenyewe, kioo hakishindani na kitabu. Nikikumbuka sawasawa, vipindi vilikuwa 94, na watu hawakuchoka.

#7 Shahidi wa Saba

Sahihisho dogo kwa Jicho la Nyuma: Ramayan ilikuwa na vipindi 78. Hivyo 94 ni vya Mahabharat iliyofuata, ambayo mwandishi wake wa maneno, Rahi Masoom Raza, alikuwa Mwislamu. Jambo ambalo lingestahili uzi wake peke yake.

Pia si kweli kwamba hapakuwa na malalamiko. Tamthilia ilipokaribia kumalizika mwaka 1988 bila kuigusa sehemu ya mwisho, ile ya wana wa Rama wanaolelewa katika maskani ya Valmiki, mtunzi wa hadithi yenyewe, wafanya usafi wanaomhesabu Valmiki kuwa mlezi wao waligoma. Taka zikalala mijini hadi ikakubaliwa kwamba hadithi iendelezwe. Tazameni vizuri walichokidai. Hawakusema kwamba kuna kitu kimeoneshwa vibaya. Walisema kwamba wao hawamo.

Na kwa wanaodhani kwamba watazamaji wale walichanganya mwigizaji na mhusika, naongeza hili: aliyeigiza Sita, mke wa Rama, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1991, na aliyeigiza Ravana, yule mwovu aliyemteka, akachaguliwa mwaka huohuo kwa chama hichohicho.

#8 Shoka Bila Mpini

Kumbe hata mteka wake za watu hupata kura akionekana kila Jumapili. Nimejifunza.

#9 Taa ya Mafuta

Tumezungumza maneno na nyimbo, lakini kwangu mimi shida kubwa ni uso. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukitazama Jesus of Nazareth ya mwaka 1977 kila inapokaribia Pasaka. Robert Powell ana macho ya buluu, na mwongozaji alimwelekeza asipepese macho. Ni hila ndogo, lakini ilifanya kazi yake ndani ya kichwa changu kwa ukamilifu. Mpaka leo nikifumba macho kusali, anayekuja ni mwigizaji wa Kiingereza. Nimejaribu kumfukuza. Injili zote nne hazielezi sura ya Yesu hata kwa sentensi moja, na nafasi hiyo tupu, ambayo labda iliachwa kwa makusudi, nimeijaza kwa mtu aliyelipwa mshahara.

Ndiyo maana nawaheshimu waandaaji wa Ar-Risala, filamu ya maisha ya Mtume Muhammad iliyotoka mwaka 1976. Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Anapozungumziwa, kamera ndiyo huwa macho yake, na wengine huitazama kamera na kuyarudia maneno yake. Mwongozaji Moustapha Akkad aliitengeneza mara mbili kwa waigizaji tofauti, mara moja kwa Kiarabu na mara moja kwa Kiingereza. Nilipoitazama nilibaki na kichwa changu salama.

#10 Shoka Bila Mpini

Salama kichwani mwako, ndugu, lakini si Washington. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu kwa sababu ya filamu hiyohiyo isiyoonesha uso. Kwa hiyo kuuficha uso hakukusaidia kitu.

#11 Bint Barua

Ndugu Shoka, tukio ni la kweli, ila sababu umeipunguza. Kiongozi wa wale watekaji alikuwa na kisasi cha mauaji ya watoto wake, akitaka wauaji waletwe mbele yake. Kuzuiwa kwa filamu lilikuwa dai mojawapo. Na hata dai hilo walilitoa bila kuitazama filamu, wakiamini kwamba Mtume ameigizwa. Zaidi ya watu mia moja walishikwa mateka kwa karibu siku mbili, na mwandishi mmoja wa habari akauawa. Nadhani tunahitaji kutenganisha mwitikio wa mtazamaji na mwitikio wa asiyetazama, maana huyu wa pili ndiye huwa mkali zaidi.

Kuhusu uso, Taa ya Mafuta amesema jambo ambalo wanazuoni wengi walilisema mwaka 2012 wakati wa tamthilia ya Omar. Al-Azhar, taasisi kuu ya Kiislamu ya Misri, ilipinga kuoneshwa kwa sura za makhalifa waongofu, yaani warithi wanne wa kwanza wa Mtume, na wanazuoni wengine waliipitia kazi hiyo na kuikubali. Nyumbani kwetu baba alikataa isitazamwe, lakini mama aliitazama jikoni kwa simu, sauti ikiwa chini. Baada ya wiki mbili nilimkuta baba amesimama mlangoni mwa jiko, hajaingia, hajaondoka. Alikuwa akisikiliza.

#12 Kituo cha Sita

Naomba niongeze The Passion of the Christ ya mwaka 2004, kwa sababu inaivuruga kidogo nadharia ya Mwana Mfasiri. Waigizaji walisema Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, lugha ambazo hakuna hata mmoja wetu parokiani aliyezielewa, na kanisa zima lililia. Hapakuwa na mlio wowote tuliouzoea. Tulilia kwa sababu kila kilichooneshwa ni Injili tupu, bila nyongeza.

#13 Mzee wa Hoja

Mpendwa Kituo cha Sita, jina lako linakusaliti. Kituo cha sita cha Njia ya Msalaba ni Veronika anayempangusa Yesu uso, na Veronika hayumo katika Injili yoyote kati ya zile nne, ingawa katika filamu hiyo yumo. Mke wa Pilato anayempelekea Mariamu vitambaa vya kitani naye hayumo. Ametoka katika maono yanayohusishwa na mtawa Mjerumani, Anne Catherine Emmerich. Sikulaumu. Nakuonesha tu kwamba ulichokilinda kama kitabu ni picha za ukutani mwa kanisa lako, kama nilivyosema katika #2.

#14 Kituo cha Sita

Nimesahihishwa, mzee wangu, nami nashukuru. Lakini Mapokeo ya Kanisa si picha za ukutani tu, na hapo tutaendelea kutofautiana.

#15 Kimya Kirefu

Nimewasoma kwa muda mrefu bila kuchangia. Nashangaa kwamba tumefika bandiko la kumi na tano tukizungumzia machozi yetu tu. Filamu hiyohiyo ya mwaka 2004 iliwatia hofu Wayahudi wengi, kwa sababu wao ndio walioketi upande wa wale wanaopiga kelele "Asulubiwe". Mchezo wa Mateso ya Yesu wa Oberammergau, Ujerumani, ambao wanakijiji wamekuwa wakiuigiza tangu mwaka 1634 kutimiza nadhiri waliyoiweka wakati wa tauni, umeandikwa upya mara kadhaa katika miongo ya karibuni ili kuondoa maneno yaliyowachafua Wayahudi. Mtazamaji hulia au hukasirika kulingana na kiti alichopewa ndani ya hadithi.

Ni hivyohivyo kwa rangi. Exodus: Gods and Kings ya mwaka 2014 iliwapa wazungu nafasi za Musa na Farao, huku watu weusi wengi wakionekana miongoni mwa watumishi. Niliitazama pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Hakuuliza kuhusu upepo. Aliuliza kama Misri iko Ulaya.

#16 Mwana Mfasiri

Kuhusu hoja ya Kimya Kirefu, kuna jambo ambalo sisi wafasiri hulikumbuka sana. Katika The Passion, lile tamko la Mathayo 27:25 la damu yake kuwa juu yetu na juu ya watoto wetu liliachwa lisikike kwa Kiaramu, lakini tafsiri yake ya maandishi chini ya picha iliondolewa. Kwa hiyo neno limo, na mtazamaji hajalipata. Nimelitafakari mara nyingi bila kuamua kama huo ni uungwana au ni ujanja.

#17 Jicho la Nyuma

Huenda tatizo si filamu hasa, bali ni kule kujifanya kwake halisi. Katika taazia za Iran zinazoigiza msiba wa Karbala, alikouawa Hussein, mjukuu wa Mtume, waigizaji wengi hushika karatasi za maneno yao mikononi mbele ya watu wote, ili ieleweke kwamba wanasoma habari za mtu na hawadai kuwa mtu huyo. Anayesoma upande wa Shimri, muuaji wa Hussein, huweza kulia hata pale anapotoa amri ya kuua. Hapo mtazamaji hagombani na uso, maana hakuna anayejitia kuwa na uso huo. Kamera haina karatasi mkononi. Nadhani ndipo tunapokwama.

#18 Shoka Bila Mpini

Nawaza Robert Powell akihubiri mlimani huku ameshika karatasi, hapepesi macho. Taa ya Mafuta angepona siku hiyohiyo.

#19 Taa ya Mafuta

Nimecheka peke yangu hapa, lakini kwa kweli nadhani ningepona.

#20 Kalamu Kavu

Nawashukuru wote. Baada ya kuwasoma niliona nimetenda kosa la kumjadili Bibi nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo jana nilimsomea uzi mzima. Alifurahishwa na baba wa Bint Barua mlangoni mwa jiko, na akaniagiza nimpe Mzee wa Hoja salamu kwa ajili ya vishungi saba. Kisha nikamwuliza kwa nini alilia kwa wimbo usiokuwamo.

Akaniuliza, "Wimbo upi?"

Nikamwimbia kidogo. Hakuukumbuka. Akasema kwamba alikuwa akikitazama kisafina. Katika Kutoka 2:3 mama yule anakipaka sifa na lami, na kile cha kwenye filamu kilikuwa kikapu cha manyasi matupu, kisafi, kimesukwa vizuri, mwanga unapenya. Alijua hadithi inavyoishia, lakini alipokiona kinagusa maji bila lami alimwona mtoto anazama.

#21 Shoka Bila Mpini

Kwa hiyo mabandiko kumi na tisa yameandikwa kwa ajili ya kikapu kinachovuja.

#22 Mzee wa Hoja

Salamu zimefika. Hata hivyo sioni kwamba hoja yangu imeanguka. Bibi alikuwa na picha ya kisafina kichwani, kioo kikamletea nyingine.

#23 Bint Barua

Picha yake imetoka katika aya, mzee, si ukutani. Hapo ni hoja yangu inayosimama, si yako.

#24 Kimya Kirefu

Kalamu Kavu, ulisema mlikuwa saba. Hao sita wengine walilia kwa ajili gani?

#25 Kalamu Kavu

Wawili walikuwa wamelala. Mjomba alilia sana, na anasema hataki kuulizwa.